Kidole cha Mutombo

Kabla sijaanza, mmoja wenu asimame pale mlangoni. Ndiyo, wewe uliyerefuka ghafla mwaka huu. Nyoosha mkono uguse fremu ya juu. Umeigusa? Basi mtu ninayetaka kuwasimulia leo hakuhitaji kunyoosha kitu. Mlango kama huo ungemgonga kwenye paji la uso. Urefu wake ulikuwa mita 2.18, na nadhani kila alipoingia nyumba za watu ilimbidi ainame kama anayeamkia wakubwa.

Alizaliwa Kinshasa mwaka 1966, na jina alilopewa ni refu kama yeye mwenyewe: Dikembe Mutombo Mpolondo Mukamba Jean-Jacques Wamutombo. Dunia ilichukua mawili ya mwanzo, mengine ikamwachia mwenyewe na ndugu zake.

Kazi yake ilikuwa kucheza mpira wa kikapu katika ligi kubwa ya Marekani, NBA. Kule wengi hulipwa kwa kufunga. Huyu alilipwa kwa kunyima. Mpinzani anakuja mbio, anaruka, ringi iko mbele yake, watazamaji wameshainuka vitini. Ghafla mkono unatokea juu kama tawi la mwembe, na paa! Mpira unarudi ulikotoka. Halafu angalieni anachofanya Mutombo. Hapigi kelele wala hajipigi kifua. Anainua kidole cha shahada na kukitikisa taratibu, kushoto na kulia, kama mama aliyemfuma mtoto akidokoa nyama chunguni. Hapana. Nyumbani kwangu, hapana.

Kidole kile kilikuja kujulikana kuliko mabao ya wengi. Ilifika mahali waamuzi wakaanza kumwadhibu, wakisema anamkejeli mwenzake. Yeye akapata ujanja: akageuka na kuwatikisia watazamaji badala ya mpinzani. Katika misimu 18 alizuia mirusho 3,289. Katika historia ya ligi ile ni mtu mmoja tu aliyeandikwa kuzuia mingi zaidi, Hakeem Olajuwon, naye ni mtoto wa Lagos. Kwa hiyo walinzi wawili wa kwanza wa ile ringi ya Marekani wote walitoka huku kwetu Afrika. Hilo nimelisema tu kwa kujisifu, tuendelee.

Mutombo hakwenda Marekani kucheza. Alikwenda kusoma ili awe daktari. Mwaka 1987 alipata ufadhili wa masomo, akaenda chuo kikuu cha Georgetown, mjini Washington. Nia ilikuwa asome udaktari, arudi Kongo, avae koti jeupe. Lakini fikirieni kijana wa urefu ule anakatiza uwanja wa chuo na vitabu kwapani. Kocha wa pale, John Thompson, alikuwa na macho kama watu wengine, na akamwita. Mutombo akaanza kucheza mwaka wake wa pili. Udaktari na mazoezi vikagombana, kama ilivyo kwa mambo mawili makubwa chini ya paa moja, udaktari ukashindwa. Alihitimu mwaka 1991 katika elimu ya lugha na diplomasia. Lugha zenyewe alikuwa nazo tisa, tano kati ya hizo za Kiafrika. Mwaka huohuo timu ya Denver Nuggets ikamchukua, na akavaa jezi namba 55.

Lishikeni hilo la udaktari. Nitalirudia.

Pesa zikaanza kuja. Mwaka 1996 alihamia Atlanta kwa mkataba wa dola milioni 55 kwa miaka mitano. Namba ya jezi na namba ya pesa zikafanana, kama mchezo wa kubahatisha. Mwaka huo michezo ya Olimpiki ilifanyika Atlanta pia, na timu ya wanawake ya mpira wa kikapu kutoka kwao, nchi ambayo wakati huo iliitwa Zaire, ilikuwa imefuzu. Kufuzu ni jambo moja, kusafiri ni lingine. Mutombo akatoa pesa zake kugharamia jezi na safari yao. Wale dada walishika mkia, lakini walishika mkia wakiwa uwanjani, na jezi zimewakaa. Anayedhani hilo ni dogo hajawahi kubaki nyumbani kwa kukosa nauli.

Sasa tunafika mahali ambapo hadithi inakuwa nzito, na aliye mdogo asogee karibu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kongo iliingia vitani. Serikali ya Rais Mobutu ilianguka mwaka 1997, nchi ikabadilishwa jina, na vita havikuisha. Kinshasa ikawa mji wa vizuizi barabarani na amri za kutotoka nje. Katika siku hizo mama yake Mutombo, Biamba Marie, akaugua ghafla. Hospitali ilikuwepo mjini. Magari yalikuwepo. Pesa, bila shaka, ilikuwepo. Kilichokosekana ni njia. Barabara zilikuwa zimefungwa, hakuna wa kumpitisha, na mama akafia nyumbani.

Fikirini alivyopokea habari hizo ng'ambo. Mikono ile iliyozuia kila kitu kilichorushwa haikuweza kuzuia hilo, na mkataba wa dola milioni 55 haukuweza kumsogeza mama yake hata mtaa mmoja.

Wengi wetu, tungekuwa na pesa kama zake, tungejenga kaburi la marumaru lenye uzio na taa. Tungechinja ng'ombe. Watu wangesema maziko yalifana. Yeye, kupitia taasisi ya hisani aliyoianzisha mwaka 1997, akatangaza kwamba atajenga hospitali Kinshasa na kuipa jina la mama yake. Yule aliyekwenda kutafuta udaktari akakosa koti jeupe sasa akataka kujenga nyumba nzima ya makoti meupe.

Mkisikia mtu maarufu kasema atajenga hospitali, mnadhani inajengwaje? Mnadhani anatoa hundi, wiki ijayo matofali yanasimama? Sikilizeni jinsi ilivyokuwa.

Kiwanja kilipatikana Masina, pembezoni mwa Kinshasa, ekari 12. Ni kama viwanja saba vya mpira vikiwekwa bega kwa bega. Masina ni upande wa watu wa kawaida, karibu na uwanja wa ndege wa N'djili na soko lenye msongamano, mahali ambapo hospitali ya kisasa haikuwa imejengwa kwa karibu miaka 40. Sherehe ya jiwe la msingi ilifanyika mwaka 2001. Halafu kimya. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu. Ujenzi wenyewe ulikuja kuanza mwaka 2004.

Ardhi haipendi kukaa bure. Watu waliokimbia vita waliona eneo zuri lisilo na mtu, wakaanza kulima. Mngefanyaje mngekuwa Mutombo? Kuna ambao wangeita askari na tingatinga, maana hati ni yao. Yeye aliwalipa wale wakimbizi ndipo wakaondoka. Naipenda sana sehemu hii ya hadithi, kuliko hata ile siku ya sherehe, kwa sababu hakuna kamera inayopenda kupiga picha ya mtu akihesabu fidia ya mashamba. Mtu anaweza kujenga hospitali ya maskini kwa kuwafukuza maskini. Imetokea kwingi.

Serikali nayo ilikaribia kukitwaa kiwanja ikisema hakitumiki. Wengine wakaanza kumshuku: huyu bwana mrefu anataka nini? Anautaka ubunge? Au urais? Hapa kwetu mtu akichimba kisima, ndoo ya kwanza haijajaa watu wameshauliza anagombea wapi. Mutombo ilibidi aeleze mara kwa mara kwamba hatafuti kura.

Na michango? Alifanya kazi kati ya watu wenye pesa nyingi kuliko karibu watu wote wengine duniani, na bado ikamwia vigumu. Mwanzoni alitoa dola milioni 3.5 zake, akitumaini wengine wataongeza. Wakaongeza polepole, polepole mno. Mnaijua ile methali, kutoa ni moyo usambe ni utajiri. Mimi naiheshimu, lakini siku zile ingekuwa haimtoshi. Moyo alikuwa nao mkubwa kama kiwanja, na nondo haziuzwi kwa moyo. Mwishowe aliingia tena mfukoni mwake, na tena, hadi mchango wake ukafika dola milioni 15. Hospitali yote iligharimu milioni 29. Yaani zaidi kidogo ya nusu ni jasho la mtu mmoja, na lile si jasho la mfano. Aliruka akaanguka, akaruka akaanguka, msimu baada ya msimu.

Septemba 2006 wakaizindua: Hospitali ya Biamba Marie Mutombo, vitanda 300. Januari iliyofuata Rais George W. Bush alimtaja mbele ya Bunge la Marekani, Mutombo akiwa ameketi roshani ya wageni, na wakubwa wote wakasimama kumpigia makofi. Wagonjwa walianza kupokelewa Desemba 2007.

Naona mmoja amekunja uso. Sema. Kwa nini miezi yote ile kati ya utepe na mgonjwa wa kwanza?

Swali zuri, na wakubwa wengi hawaulizi. Jengo si hospitali, mwanangu. Jengo ni sufuria, bado hujapika. Chukua mashine ya eksirei. Inataka umeme usioyumba, na umeme ukiyumba unahitaji jenereta, na jenereta inakunywa dizeli kila siku kama ng'ombe anavyokunywa maji. Chukua benki ya damu. Inataka friji isiyozimika usiku. Chukua nesi wa zamu ya usiku, yule anayekuja na tochi kuangalia kama dripu inakwenda sawa. Anataka mshahara wa mwezi huu, na wa mwezi ujao, na wa mwaka ambao yule maarufu atakuwa ameshasahauliwa. Glavu zinakwisha. Oksijeni inakwisha. Sabuni ndiyo kabisa. Nimepita vijiji ambako zahanati ilizinduliwa kwa ngoma na utepe mwekundu, leo waliolazwa mle ni popo.

Ndiyo maana mimi simpimi mtoaji kwa siku ya utepe. Nampima kwa mwaka wa tano. Mutombo alistaafu kucheza mwaka 2009, goti limeharibika, na kwa mchezaji hapo ndipo mshahara hukatika. Hakuiacha hospitali. Aliendelea kuichangishia fedha na kurudi Kongo. Mwaka 2021, nje ya Mbuji-Mayi, taasisi yake ikafungua na shule, ikapewa jina la baba yake, Samuel. Na nyumbani kwake Marekani, yeye na mkewe walikuwa wamewachukua watoto wa ndugu zake waliofariki na kuwalea kama wao. Hilo la mwisho halina utepe hata kidogo.

Sasa tubishane kidogo, maana hadithi bila ubishi ni wimbo wa kulaza mtoto. Je, alikuwa anadaiwa?

Kuna wanaosema hapana. Pesa ni zake, alizipata kwa mwili wake, hakumwibia mtu. Na ni kweli, nami sipendi namna tunavyowafanya ndugu zetu waliofanikiwa kuwa mashine za kutolea pesa. Kijana akisajiliwa na timu kubwa leo, kesho simu yake ina wajomba ambao mama yake hawajui. Huyu ada, yule paa la nyumba, mwingine bodaboda. Asipopokea, ameringa. Hiyo si kurudisha fadhila, hiyo ni kumtafuna mtu.

Lakini tazameni upande wa pili. Kabla ya ringi na kabla ya kocha, nani alimfikisha Georgetown? Kuna mama aliyepika. Kuna walimu waliomfundisha kusoma Kinshasa, kwa mishahara tunayoijua. Kuna ufadhili uliolipwa na watu wasiomjua. Wachezaji wa NBA ni wachache, na kila mmoja amekanyaga mabega ya watu ambao hawatatajwa. Mimi naona deni lipo. Ila ni deni la ajabu: aliyekukopesha hawezi kukushtaki, na hakuna mahakama itakayokudai. Ukilipa, umelipa kwa sababu unakumbuka.

Tunasema mcheza kwao hutunzwa. Mutombo alicheza kwa watu, kisha yeye ndiye akaenda kuwatunza wa kwao. Methali ikageuzwa kama shati.

Kuna jambo jingine nataka mlione, hata kama ni chungu kwa umri wenu. Kongo ni nchi ya shaba na kobalti, na Mbuji-Mayi ni mji wa almasi. Halafu eneo lenye umati kama Masina likae karibu miaka 40 bila kujengewa hospitali ya kisasa, hadi mcheza mpira aje kuijenga? Makofi tunayompigia Mutombo yasizibe masikio yetu. Sifa ni ya mtu mmoja, aibu ni ya wengi, tangu wakoloni waliobeba na kuondoka hadi waliokalia viti baada yao. Kazi ya kujenga hospitali si ya mfungaji wala ya mwimbaji. Anapoifanya, anaziba pengo la mtu mwingine aliyelipwa kuifanya.

Sadio Mané nadhani analijua hilo. Mnamfahamu, yule mwanasoka Msenegali aliyekuwa Liverpool. Kijijini kwao Bambali hapakuwa na hospitali, na baba yake alifariki Mané akiwa mtoto mdogo. Mwaka 2021 hospitali aliyoigharamia ikafunguliwa pale. Kabla ya hapo alikwenda kwa Macky Sall, rais wa Senegal wakati huo, kuzungumza kuhusu hospitali hiyohiyo. Nilifurahi nilipoisoma habari hiyo. Mchezaji anaweza kusimamisha kuta. Madaktari wa kudumu na mahali pa hospitali katika mpango wa nchi, hayo lazima mlango wa serikali ugongwe.

Na wale mastaa wa mifuko ya unga? Mnawaona kwenye simu: gari kubwa, fulana zenye sura ya staa, bibi kizee anakabidhiwa kilo tano za unga na katoni ya sabuni, kamera tatu zinamzunguka, na analazimishwa kutabasamu. Siwachukii. Mtoto mwenye njaa akila ugali uliopigwa picha, anashiba vilevile. Ila yule bibi hakuulizwa kama anataka uso wake uonwe na nchi nzima akiwa mhitaji. Mkija kuwa maarufu, na mmoja wenu huenda akawa, muulizeni kwanza. Au zimeni simu.

Oktoba 2022 ilitangazwa kwamba Mutombo ana uvimbe kwenye ubongo. Aliugua miaka miwili. Tarehe 30 Septemba 2024 akafariki, akiwa na miaka 58. Magazeti ya michezo yaliandika juu ya mirusho 3,289, tuzo zake nne za mlinzi bora, na kidole. Watu wa dunia nzima wakawa wanatikisa vidole kumuaga.

Siku mkifika Kinshasa kwa ndege, mtatua N'djili. Hospitali iko dakika chache tu kutoka hapo, upande wa Masina, karibu na soko. Msiulize hospitali ya Dikembe, huenda wakawaelekeza kwingine. Ulizeni ya Biamba Marie.